Alivikwa vazi la chui, kiti kikampita

UCHAMBUZI

Tangu Ryan Coogler, mwelekezi wa filamu za Black Panther, athibitishe kwamba anaandaa sehemu ya tatu, swali linalozunguka midomoni mwa mashabiki ni nani atakayevaa vazi la Chui Mweusi. Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, liko jingine kubwa zaidi ambalo sehemu ya pili iliacha likining'inia: ni nani atakayeketi kwenye kiti cha enzi cha Wakanda?

Sehemu hiyo ya pili, Black Panther: Wakanda Forever, ilianza kuonyeshwa Novemba 2022. Ni mojawapo ya filamu chache mno za mashujaa wenye nguvu za ajabu ambazo zimemkabidhi mhusika wa kike wa Kiafrika hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho. Msichana Shuri, aliyekuwa mwanasayansi mcheshi katika kivuli cha kakake, anageuka mlinzi wa taifa. Kwa hilo filamu yastahili sifa, na sifa zenyewe si chache. Lakini mtazamaji aliyevumilia hadi tamati, akangoja hata majina ya waigizaji yakaanza kupita, aligundua jambo la kutatiza. Mwanamke amepewa makucha ya kupigania nchi, kisha nchi yenyewe ikasubiri mwanamume wa kuitawala.

Hoja hii inafaa kuchambuliwa kutoka Kisumu kuliko kutoka mji mwingine wowote wa Kenya, na kuna sababu tatu.

Ziwa, Lupita na zulia jekundu

Ya kwanza ni ya ramani. Wakanda ni nchi ya kubuni, lakini wabunifu wake wamejaribu mara kadhaa kuipa mahali. Katika vitabu vya picha ambavyo mwandishi Mmarekani Ta-Nehisi Coates alianza kuviandika mwaka 2016, nchi hiyo imewekwa kando ya Ziwa Victoria. Kwa maneno mengine, ikiwa Wakanda ingekuwepo, wavuvi wa Dunga wangekutana na wavuvi wake majini.

Ya pili ni Lupita Nyong'o, anayeigiza kama Nakia, jasusi na mpenzi wa mfalme T'Challa. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, lakini ukoo wake ni wa Kisumu. Babake alichaguliwa gavana wa kaunti hiyo mwaka 2017, na tena mwaka 2022. Tangu Lupita aliposhinda tuzo ya Oscar mwaka 2014, kila hatua yake imekuwa habari ya ukurasa wa mbele nchini.

Ya tatu ni kwamba mnamo Februari 2018, siku chache kabla ya filamu ya kwanza kufunguliwa rasmi Marekani, Black Panther ilizinduliwa Kisumu kwa shamrashamra ambazo mji huo haukuwa umezoea kwa ajili ya sinema. Watu walikuja wakiwa wamevalia vitenge, shanga na lesi. Kwa usiku mmoja, mji uliozoea kutajwa katika habari za siasa, maandamano na gugumaji ulitajwa kwa sababu ya sanaa. Miaka minne baadaye, sehemu ya pili ilipotoka, uzinduzi wa Afrika uliohudhuriwa na waigizaji wakuu ulifanyika Lagos, Nigeria. Ziwa likabaki kuwa ramani tu.

Shujaa hana jinsia

Kabla ya kupima mazuri na mabaya, kuna jambo la lugha ambalo mhariri wa Kiswahili hawezi kulipita. Habari za filamu za aina hii zinapofika mezani kwetu kwa Kiingereza, huja na maneno mawili: moja la shujaa wa kiume, jingine la shujaa wa kike. Kiswahili hakina haja hiyo. Shujaa ni shujaa. Kiambishi kilekile kinachosimamia mwanamume ndicho kinachosimamia mwanamke: alipigana, alishinda, alianguka. Msomaji wa kichwa cha habari kisemacho "Shujaa arejea nyumbani" hajui kama ni binti au mvulana hadi ashuke aya ya pili.

Ajabu ni kwamba lugha yenye usawa huo haijatuzuia kuongeza kila mara maneno "wa kike", kana kwamba bila kibandiko hicho msomaji atapotea. Nasi hapa tumelazimika kufanya hivyo. Kibandiko hicho chenyewe ni ushahidi kwamba tatizo haliko katika sarufi bali katika mazoea.

Hollywood nayo ilikuwa na mazoea yake. Baada ya Catwoman ya mwaka 2004 na Elektra ya mwaka 2005 kuanguka vibaya, hoja ilijengeka kwamba mwanamke mwenye nguvu za ajabu hauzi tiketi. Hakuna aliyesema kwamba filamu hizo zilikuwa mbovu. Ilikuwa rahisi kuilaumu jinsia ya mhusika. Hoja hiyo ilivunjwa na Wonder Woman mwaka 2017, iliyoelekezwa na Patty Jenkins na kuingiza zaidi ya dola milioni 800, kisha Captain Marvel mwaka 2019, iliyopita dola bilioni moja. Lakini The Marvels ilipofanya vibaya mwaka 2023, maneno yaleyale ya zamani yalirudi. Filamu ya mashujaa wa kiume ikianguka hulaumiwa hadithi. Ya mwanamke ikianguka hulaumiwa mwanamke.

Wakanda Forever ilikusanya takriban dola milioni 859 duniani. Ni pungufu ya dola bilioni 1.3 za sehemu ya kwanza, lakini si fedha za kubezwa, hasa kwa filamu iliyompoteza nyota wake. Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki Agosti 2020 kwa saratani. Wazalishaji waliamua kutomtafuta mwigizaji mwingine wa kuchukua nafasi yake. Kutokana na msiba huo wa kweli ndipo hadithi ya Shuri ilipozaliwa.

Wanawake wanaotofautiana

Nguvu ya kwanza ya filamu hii ni kwamba haina mwanamke mmoja wa kupigiwa makofi. Ina watano au sita, na hawafanani. Malkia Ramonda, anayeigizwa na Angela Bassett, ni mama aliyezika mume na mwana, na bado anapaswa kusimama mbele ya mataifa makubwa na kuyakanya yasiguse madini ya nchi yake. Okoye, wa Danai Gurira, ni jenerali anayeamini kwamba nidhamu ndiyo imani. Nakia ameondoka kabisa, akaenda kuishi Haiti na kuendesha shule, kwa sababu hakuweza kuvumilia mazishi. Shuri, wa Letitia Wright, amejifungia maabara kwa hasira, maana sayansi yake haikumwokoa kakake. Riri Williams ni mwanafunzi Mmarekani mweusi ambaye akili yake imemtia hatarini.

La muhimu ni kwamba wanawake hawa wanagombana, na ugomvi wao haumhusu mwanamume wanayempenda. Wanagombania maamuzi ya dola. Ramonda anapomvua Okoye cheo kwa kumpoteza binti yake mikononi mwa adui, mtazamaji anaona pande mbili zote zina haki: mama mwenye uchungu na askari aliyetimiza wajibu. Tukio hilo halina ngumi hata moja, lakini ndilo lenye nguvu kuliko mapigano yote yanayofuata. Si ajabu kwamba Bassett alishinda tuzo ya Golden Globe Januari 2023 na kuteuliwa kuwania Oscar, uteuzi wa kwanza wa uigizaji kwa filamu yoyote ya Marvel.

Mavazi pia yanasema. Mbunifu Ruth E. Carter alishinda Oscar kwa filamu ya kwanza mwaka 2019 na kwa hii mwaka 2023, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar mbili. Amewavisha wanawake hawa mavazi ya vita na ya matanga bila kuwafanya vidoli vya kutazamwa. Kwa yeyote aliyekulia kwenye filamu ambazo mpiganaji wa kike alilazimika kupigana akiwa nusu uchi, hayo ni mageuzi.

Msiba na kisasi

Nguvu ya pili ni swali ambalo Shuri anaulizwa. Adui yake, Namor, ni mfalme wa Talokan, taifa la watu wenye asili ya Wamaya wa Mexico waliokimbilia chini ya bahari ili kuepuka utumwa na maradhi ya wakoloni wa Kihispania. Namor anaifurikisha Wakanda, na katika mafuriko hayo Ramonda anakufa maji akimwokoa Riri. Shuri anapokunywa dawa ya mmea wa kifalme ili apate nguvu, anatarajia kumwona mamake katika ulimwengu wa wahenga. Badala yake anamkuta binamu yake Killmonger, mtu wa kisasi. Filamu inatuambia bila kuficha kwamba msichana huyu ameingia kwenye ushujaa kwa mlango wa chuki.

Mashujaa wengi wa sinema hulipiza kisasi na kushangiliwa. Shuri anafika mahali ambapo mkuki uko shingoni mwa muuaji wa mamake, kisha anauzuia. Anachagua mapatano. Ni vigumu kuigiza uamuzi wa namna hiyo bila kuonekana dhaifu, na Wright anaumudu.

Mtazamaji wa mwambao wa ziwa hahitaji kufafanuliwa maana ya maji kuingia mjini. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kwa kiwango ambacho hakijasahaulika. Familia zilihama makwao kuanzia Budalang'i hadi Nyando na Homa Bay. Katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, kuna kina mama ambao karibu muongo mmoja kabla ya hapo walikuwa wameungana ili wamiliki mashua zao wenyewe. Walitaka kuikomesha jaboya, desturi ambayo mchuuzi wa kike hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo apate samaki. Maji yalipopanda, makao yao yalizama. Wanawake hao hawana vazi la chui. Walikuwa na mashua, na hesabu rahisi kwamba mwenye chombo ndiye mwenye sauti.

Kasoro za wazi

Sasa tugeukie mapungufu. Yako yanayoonekana kwa macho. Filamu ni ndefu, saa mbili na dakika 41, na sehemu ya muda huo si ya hadithi yake. Visa vya maafisa wa ujasusi wa Marekani vinaingia na kutoka bila kuongeza kitu. Riri, licha ya mvuto wake, ameletwa kwa kiasi kikubwa ili kuandaa soko la msururu wake mwenyewe wa televisheni, Ironheart, uliotoka mwaka 2025. Picha za chini ya maji zina giza kiasi kwamba uzuri wa Talokan unakisiwa zaidi ya unavyoonekana. Na vita vya mwisho kwenye meli, kama ilivyo desturi ya studio hiyo, ni kelele nyingi na mantiki kidogo.

Kuna pia suala la lugha na mahali. Wahusika wa Wakanda huzungumza Kixhosa, lugha ya heshima ya Afrika Kusini, lakini iko mbali na ziwa ambalo Coates aliichorea nchi hiyo. Filamu ya kwanza ilipigwa zaidi Atlanta, Marekani, huku picha za angani za milima na misitu zikichukuliwa Uganda na kwingineko. Afrika Mashariki ilitoa mandhari. Maneno yakatoka kwingine. Mkazi wa Kisumu alimsikia binti wa kwao akizungumza katika filamu ya Afrika, lakini hakusikia Dholuo wala Kiswahili.

Katika mitaa kama Kondele, Manyatta na Nyalenda, ambako wengi hutazamia filamu katika vibanda vya video na si kwenye viti vya sinema, pengo hilo limezibwa na wafasiri wa aina ya DJ Afro, wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani juu ya sauti ya asili. Wasomi wengi hawautambui usanii huo. Lakini ndio unaoamua Shuri atamfikia vipi kijana aliyelipa shilingi chache mlangoni: kama kiongozi anayefikiri, au kama msichana mrembo anayerusha mateke. Shujaa wa kike hupita katika mikono mingi kabla ya kufika, na si yote inayomtendea haki.

Kiti kilichompita

Lakini kasoro kubwa kuliko zote iko mwishoni, nayo ni ya mawazo, si ya ufundi.

Baada ya kushinda vita, Shuri haendi kwenye sherehe ya kuwania ufalme. Anaenda Haiti kumwomboleza kakake. Siku ya sherehe, anayejitokeza mbele ya umati ni M'Baku, chifu wa kabila la milimani, na anatangaza kwamba anawania kiti. Kisha, baada ya majina ya kwanza kupita, Nakia anamtambulisha Shuri kwa mtoto wa kiume aliyekuwa amefichwa: Toussaint, mwana wa T'Challa, ambaye jina lake la Kiwakanda ni T'Challa kama babake.

Tafsiri yake ni nini? Kwa saa mbili na zaidi filamu imetwambia kwamba wanawake wanaweza kuongoza, kupatana, kuvumbua na kufa kwa ajili ya nchi. Dakika za mwisho inatuonyesha kiti kikielekea kwa mwanamume mzima, na nyuma yake mvulana mdogo akiwekwa akiba. Shuri anabaki kuwa mlezi wa muda. Alishika zamu.

Watetezi wa filamu watajibu kwamba Shuri alichagua mwenyewe, na kwamba kukataa madaraka ni hekima. Hoja hiyo ingekubalika kama tungeonyeshwa akichagua. Hatuonyeshwi. Tunaambiwa tu kwamba hatafika. Uamuzi mkubwa kuliko wote katika maisha ya shujaa wetu umefanyika nje ya picha.

Wakenya wanapaswa kuitambua hali hii, maana tunaiishi. Katiba ya mwaka 2010 inaagiza kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge halijawahi kutimiza agizo hilo. Septemba 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, Bunge halikuvunjwa. Katika kampeni tunawasifu kina mama kuwa uti wa mgongo wa taifa, tunawapa vipaza sauti na vibwagizo, wanakesha wakihamasisha. Orodha za vyeo zinapotoka, ajabu, hawakufika sherehe.

Majirani wanapopigana

Kuna jingine ambalo filamu inalianzisha vizuri na kuliacha njiani. Mwanzoni, wanaotaka madini ya Wakanda ni mataifa makubwa. Mamluki wa Kifaransa wanakamatwa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali, na Ramonda anawaburuta mbele ya Umoja wa Mataifa. Tukio hilo lilimuudhi Waziri wa Ulinzi wa Ufaransa wa wakati huo, Sébastien Lecornu, ambaye mnamo Februari 2023 alilalamika hadharani. Malalamiko hayo yalikuwa sifa kwa filamu: sinema ya burudani ilikuwa imegusa jeraha la kweli.

Lakini baada ya hapo hao wakubwa wanatoweka. Vita vinapiganwa kati ya Wakanda na Talokan, watu wawili walioonewa na wakoloni, huku waliozusha ugomvi wakitazama kwa mbali. Hadithi ina busara ya kuliona jambo hilo, na Shuri analitaja anapotafuta amani. Hata hivyo, haifiki mahali pa kuwauliza wakubwa chochote.

Kwenye ziwa letu tunao mfano wake. Tangu miaka ya 2008 na 2009, Kenya na Uganda zimekuwa zikivutana juu ya Migingo, mwamba mdogo usiofikia ekari moja. Wavuvi wamekamatwa, wamenyang'anywa nyavu, wamepigwa. Mbuta wanaogombaniwa hukatwa minofu na sehemu kubwa kusafirishwa ng'ambo. Mvuvi wa Kenya na mvuvi wa Uganda wanatazamana kwa chuki, na hakuna kati yao anayepanga bei ya samaki. Filamu ambayo ingemtuma shujaa wake kulishughulikia hilo ingekuwa na hatari zaidi, na pengine tiketi chache. Ingekuwa pia ya kweli zaidi.

Binti wa Maweni

Je, inawezekana kumjenga shujaa wa kike kwa namna tofauti? Jibu lilitolewa na Wakenya, tena katika mwezi uleule wa Februari 2018 ambao Kisumu ilikuwa ikimshangilia Nakia. Katika tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina.

Shujaa wake ni Jo, msichana wa miaka tisa anayeigizwa na Stycie Waweru. Jo ni mgonjwa mahututi ambaye amerudishwa kijijini Maweni kufia nyumbani. Anapenda filamu za mashujaa na anaota kuwa mmoja wao. Dadake Mwix anawashawishi wanakijiji wote washirikiane kumfanya Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Hakuna mtambo wa thamani, hakuna damu ya kifalme, hakuna mmea wa siri. Kuna kijiji, na uamuzi wa watu wazima kuupa uzito utoto wa msichana mmoja.

Filamu hiyo, yenye urefu wa dakika 74 tu, ilipata tajo maalumu la majaji watoto mjini Berlin na ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Nayo ina mapungufu yake: mara nyingine inakaribia kuwabana watazamaji machozi kwa nguvu, na wanakijiji wake ni wema kupita kiasi. Lakini inalo jambo ambalo Wakanda Forever haina. Ushujaa wa Jo hautokani na alichorithi. Unatokana na kile ambacho jamii imekubali kumpa. Swali linageuka kutoka "msichana huyu ana nguvu gani?" na kuwa "sisi tumemfanyia nini?"

Mwanamke wa majini

Mwambao wa ziwa haukuwa maskini wa hadithi za namna hii kabla ya Marvel. Huko Gwassi husimuliwa kisa cha Nyamgondho, mvuvi fukara aliyevuta wavu akakuta mwanamke mzee ndani yake. Alimchukua nyumbani, na kuanzia siku hiyo ng'ombe wakajaa zizini. Alipotajirika alilewa, akamtukana. Mwanamke akainuka, akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo husemekana lilikuwa kijiji kilichozama kwa mvua baada ya kumnyima bikizee hifadhi usiku wa ngoma.

Ukizitazama kwa makini, hadithi hizi zina mwanamke, maji na adhabu. Namor angejisikia nyumbani. Lakini zina mpaka wao. Nguvu za mwanamke ndani yake ni onyo kwa wanaume, na yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kueleza anachotaka. Hatujui yule mwanamke wa wavuni alifikiri nini aliporudi majini.

Marehemu Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo aliyefariki Machi 2015, ndiye aliyeanza kuijaza nafasi hiyo. Katika hadithi yake fupi kuhusu Oganda, binti wa chifu anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe, alimwingiza msomaji ndani ya kichwa cha msichana anayetembea kuelekea kifo huku kijiji kikiimba. Huo ndio ufundi ambao mtengenezaji wa filamu wa Kisumu anaweza kuuanzia, bila kungoja studio ya ng'ambo imchoree ramani.

Meya wa mwaka 1965

Wala hahitaji kubuni kila kitu. Mwaka 1965, mji wa Kisumu ulimpata meya mwanamke, mwalimu Grace Onyango. Aliishika nafasi hiyo baada ya meya aliyekuwepo kufariki, kama Shuri alivyovishwa vazi kwa sababu kakake amekufa. Tofauti ni kilichofuata. Onyango hakwenda kuomboleza mbali huku wengine wakiwania kiti. Desemba 1969, wiki chache baada ya risasi kuua watu mjini Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, aligombea ubunge wa Kisumu Mjini na kushinda, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Aliendelea kuwa mbunge hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alifariki Machi 2023, miezi minne baada ya Wakanda Forever kutoka.

Linganisha sasa. Sinema yenye bajeti ya mamilioni ya dola, iliyotengenezwa karne ya 21, haikuthubutu kumkalisha mwanamke kwenye kiti baada ya vita. Mji wa kando ya ziwa ulithubutu mwaka 1965. Na mwaka 2022, mwaka uleule wa filamu hiyo, Homa Bay ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana, mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana nchini, huku Kisumu Magharibi ikimchagua Rosa Buyu kuwa mbunge. Viongozi hao watapimwa kwa kazi zao kama wengine wowote, na ndivyo inavyopaswa. Kupimwa kwa kazi ni heshima ambayo Shuri hajaipata.

Tusiseme basi kwamba Wakanda Forever ni filamu mbaya. Ni filamu yenye moyo mkubwa, iliyoigizwa kwa ustadi, na iliyowapa wasichana weusi duniani picha ambayo mama zao hawakuwa nayo. Msichana wa Nyalenda aliyemwona Okoye akiinua mkuki hakudanganywa. Alidanganywa kidogo tu mwishoni, alipoonyeshwa kwamba kazi ya shujaa wa kike ni kulinda kiti hadi mwenyewe akue.

Coogler anayo nafasi ya kurekebisha hilo katika sehemu ya tatu. Sisi tusimngoje. Kaunti zinazojivunia Lupita zinaweza kuanza kwa mambo madogo: ukumbi wa umma wa kuonyeshea filamu, mafunzo ya kamera na uandishi kwa vijana, na nafasi kwa hadithi za Dholuo, Kisuba na Kiswahili kufika kwenye kioo. Zulia jekundu la mwaka 2018 lilikunjwa asubuhi yake. Kina mama wa Nduru, mwanamke wa wavu wa Nyamgondho na meya wa mwaka 1965 bado wanangoja wa kuwasimulia, na safari hii mwisho wa hadithi usifanyike nje ya picha.